Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: dawa ya fangasi wa ubongo isiwe ile iliyobaki stoo

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Tanga, Makorora. Mie ni mfamasia wa mtaani tu, niko nyuma ya kaunta toka asubuhi mpaka watu wametoka kuswali isha, na barua hii ni ya Waziri wa Afya, ni ya TAMISEMI mnaosimamia hospitali za wilaya na vituo vya afya, ni ya MSD wenye bohari ya dawa ya serikali, na ni ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa wetu. Nimeamua kuiandika wazi manake jambo lenyewe likiingia kwenye ripoti linamezwa na malaria na uzazi, halionekani, na wagonjwa wake wanaondoka kimya kimya, msibani watu wanaambiwa tu marehemu alikuwa anaumwa kichwa.

Nazungumzia homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi anaitwa kriptokokasi. Yupo kwenye udongo, kwenye mavi ya njiwa, kwenye miti, tunamvuta kwa pumzi na wala hatuna habari naye, mwili wenye kinga unamdhibiti huko huko mapafuni yanaisha. Ila mtu mwenye VVU ambaye CD4, zile seli za kinga, zimeshuka chini ya 200, na hasa chini ya 100, huyo fangasi anatoka mapafuni anaingia kwenye damu anapanda mpaka kwenye ubongo. Kichwa kinauma wiki, wiki mbili, panadol haisaidii, macho yanaona vitu viwili viwili, anatapika, mwisho anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Na hapa kwetu Tanga mnajua wenyewe kinachofuata, kipimo cha malaria, dawa za taifodi, halafu shangazi mmoja anasema huyu si bure, kachezewa, anabebwa kwenye bajaji kwenda kupungwa majini. Siwalaumu ndugu, mtu anayeweweseka usiku kucha anatisha jamani. Lakini akija kufika wodini presha ya maji ya kichwani imeshapanda na nafasi ya kumuokoa imebaki ndogo.

Na msidhani ni ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Makadirio ya dunia ya mwaka 2020 ni kama wagonjwa 152,000 wenye VVU kwa mwaka na vifo 112,000, wengi wao huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara, na katika kila vifo 100 vya UKIMWI duniani karibu 19 ni vya huyu fangasi. Mwezi wa kumi 2022 Shirika la Afya Duniani walipotoa orodha yao ya kwanza kabisa ya fangasi hatari, huyu wakamuweka kwenye kundi la juu.

Sasa niwaambie kinachonifanya nikose usingizi. Ndugu wa mgonjwa anakuja dukani na karatasi kutoka hospitali, hospitali siitaji na wala si moja, imeandikwa flukonazoli peke yake, miligramu 1200 kwa siku. Kapsuli nilizonazo mara nyingi ni za 150, zile zile ambazo kina dada wanazijua, kimoja unameza fangasi wa ukeni ameisha. Kwa huyu mgonjwa ni 8 kwa siku, kila siku. Ndugu anahesabu hela mkononi, ananunua za siku tatu, anasema nyingine narudi Ijumaa. Namuuliza hakuna dawa nyingine mliyopewa wodini? Anasema wamesema nyingine hazipo, hii ndo ipo, na hii inaingia kichwani vizuri.

Hilo neno la mwisho ndo nataka tulizungumze waheshimiwa, manake ni kweli, na ukweli wake ndo unaotupoteza.

Ubongo una ukuta wake. Mishipa midogo ya damu ya huko haivuji ovyo kama ya sehemu nyingine za mwili, seli zake zimebanana, na juu ya hapo zina pampu kabisa zinazosukuma nje kile kilichojipenyeza. Ni kama geti la bandari yetu, mzigo unaweza kuwa umeshafika Tanga, upo, unauona, lakini mjini hauingii mpaka upite pale. Kwa hiyo dawa kuwa nyingi kwenye damu si hoja. Inategemea ukubwa wa molekuli yake, inategemea imeng'ang'ania protini za damu kiasi gani, inategemea zile pampu zinaitambua au la.

Flukonazoli ni ndogo, inayeyuka kwenye maji, protini za damu zinaishika kidogo sana kama asilimia 11 au 12 hivi, iliyobaki yote iko huru kutembea. Ndo maana ukipima maji ya uti wa mgongo, ambayo ndo hayo hayo yanayouzunguka ubongo, unaikuta kwa wingi, asilimia 70, 80 ya kile kilichoko kwenye damu, na hata akimeza kidonge inafika karibu sawa na aliyechomwa sindano. Ni dawa nzuri, mie siitukani. Wenzake wa ukoo mmoja hawako hivyo, itrakonazoli kwa mfano imeshikwa na protini zaidi ya asilimia 99, kwenye maji ya uti wa mgongo huipati kabisa au unapata kiduchu, na bado nimeshaona karatasi inamwandikia itrakonazoli mgonjwa wa uti wa mgongo eti kwa sababu flukonazoli imeisha na hii nayo ni ya fangasi. Vorikonazoli inaingia vizuri, karibu nusu ya kiwango cha damu, ila bei yake na masharti yake si ya kwetu. Zile mpya za sindano, kaspofungini na wenzake, ni kubwa mno hazipiti, na hata zingepita huyu kriptokokasi hazimuwezi.

Basi mtu akisikia hivyo anasema si ndo tumemaliza, tumpe flukonazoli inayoingia. Hapana. Kuingia ni kitu kimoja, ikishaingia inafanya nini ni kitu kingine. Flukonazoli ikifika kwenye ubongo inamzuia fangasi asizaliane, kumuua haimuui vya kutosha. Inamuacha hapo amesinzia inasubiri kinga ya mgonjwa imalize kazi, na huyu mgonjwa kinga ndo hana, ndo maana anaumwa. Ukipandisha dozi mpaka 1200 inafanya vizuri kuliko 800, hilo limeonekana Uganda, lakini ikiwa peke yake bado wagonjwa wanaokufa ndani ya wiki 10 ni nusu na zaidi. Nusu! Halafu kuna utafiti wa wagonjwa wa hapa hapa Tanzania, ulichapishwa 2019, wakaangalia fangasi wenyewe wanafanya nini mgonjwa akiwa kwenye flukonazoli tupu, wakakuta ndani ya fangasi wa mgonjwa mmoja tayari kuna kikundi kinachohimili dawa, na kadri siku zinavyokwenda wale dhaifu wanapungua na wale sugu wanajaa. Walioongezewa flusitosini, hicho kikundi hakikupata nafasi ya kuinuka.

Na hapo ndo unakutana na jambo la kushangaza, mie lilinishangaza nikiwa chuoni na linanishangaza mpaka leo. Amfoterisini B, dawa ya sindano ya toka miaka ya 50, iliyotokana na vijidudu vya udongo wa kule Venezuela, molekuli yake ni mara tatu ya flukonazoli, protini zimeishika zaidi ya asilimia 90, ukiitafuta kwenye maji ya uti wa mgongo unakuta asilimia 2 mpaka 4 ya iliyoko kwenye damu, mara nyingine haionekani kabisa. Kwa hesabu ya geti ilitakiwa isifanye kitu. Na ndo inayoua! Inashika mafuta ya utando wa seli ya fangasi, inautoboa, fangasi anavuja anakufa. Maelezo ni kwamba maji ya uti wa mgongo si ubongo wenyewe, fangasi wamejibanza kwenye utando na pembeni ya mishipa ya damu, na huko dawa inajikusanya na kukaa siku nyingi hata kama kwenye maji hauioni. Ile ya kisasa iliyofungwa kwenye vitone vidogo sana vya mafuta, ya liposomu, kwenye majaribio ya sungura imekutwa kwenye ubongo kwa wingi kuliko ya zamani. Kwa hiyo anayechagua dawa kwa kuangalia namba ya kwenye maji tu atamchagulia mgonjwa dawa dhaifu na kuiacha yenye nguvu, kwa kutumia sayansi!

Ya tatu ndo ninayoililia. Flusitosini. Kidogo kabisa, molekuli yake hata nusu ya flukonazoli haifiki, inapita ukutani inafika asilimia 70 na kitu, na ikiwa ndani ya fangasi anaigeuza yeye mwenyewe kuwa sumu, seli za binadamu hazina kimeng'enya hicho cha kuigeuza. Ilitengenezwa 1957 ikitafutwa dawa ya kansa, hakuna wa kudai hakimiliki leo. Ukiitoa peke yake fangasi wanaizoea haraka kwa hiyo lazima iwe na mwenzake. Na kwa miaka mingi nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo kabisa, si kwamba ilikuwa ghali, haikuwepo, hakuna kiwanda kilichohangaika kuisajili kwa sababu wanunuzi ni maskini.

Utafiti ulioitwa ACTA, Tanzania tulikuwemo pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, wagonjwa 721, matokeo yakatoka 2018. Waliopata amfoterisini wiki moja pamoja na flusitosini, waliokufa ndani ya wiki 10 ni asilimia 24. Wiki moja ya amfoterisini ile ile lakini pembeni yake flukonazoli badala ya flusitosini, vifo vilizidi vizuri tu. Na hata wale waliomeza vidonge tupu, flukonazoli na flusitosini, bila sindano hata moja, vifo asilimia 35, siyo nusu. Yaani kumuongezea mtu kidonge kimoja kinachopita ukutani kunabadilisha watu wangapi wanarudi nyumbani. Wagonjwa wetu walitoa miili yao tukapata jibu hili. Halafu dawa ikakosekana kwao.

Mwaka 2022 likaja jibu jingine zuri zaidi, la utafiti ulioitwa AMBITION, wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Amfoterisini ya liposomu MARA MOJA, siku ya kwanza, miligramu 10 kwa kila kilo, halafu flusitosini na flukonazoli za kumeza siku 14. Vifo asilimia 24.8, wale wa sindano za wiki nzima 28.7, na madhara makali yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani wakasema hii ndo tiba ya kwanza. Muuguzi yeyote aliyewahi kutoa ile ya zamani atawaambia maana yake. Ile ya zamani mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, figo zinachoka, potasiamu inashuka, damu inapungua, kila siku umpime na maabara ya potasiamu mashine imekufa. Ukiichanganya na dripu ya chumvi badala ya ya sukari inaganda ndani ya chupa, hela imekwenda. Hii ya mara moja unaichoma leo umemaliza.

Tupige hesabu sasa, mtu wa kilo 60, anahitaji miligramu 600, kichupa kimoja ni 50, kwa hiyo vichupa 12. Gilead, kampuni inayoiuza kwa jina la AmBisome, walitangaza 2018 kwamba nchi kama zetu zitauziwa kwa dola 16.25 kichupa, kwa hiyo ni kama dola 195 mgonjwa mmoja. Si hela ndogo, mie siwezi kulipa, wala yule ndugu wa kapsuli za siku tatu hawezi. Lakini serikali haikosi dola 195 ya mtu mmoja wa Muheza aliyekaa kitandani, na siku za kulala wodini zinazookolewa nazo zina bei yake. Flusitosini huyo huyo wa kilo 60 anameza miligramu 6000 kwa siku, vidonge 12 vya 500, vitatu kila baada ya masaa sita, jumla 168 kwa wiki mbili. Na hapa wauguzi naomba tusaidiane, ile dozi ya saa sita usiku nani anamuamsha mgonjwa? Kama hajitambui vinasagwa vinapita kwenye mpira wa puani, siyo vinawekwa juu ya kabati mpaka apate nafuu.

Najua mtaniambia wagonjwa ni wachache, ukiagiza dawa itaexpaya stoo mkaguzi atauliza. Nimeisikia hii sana. Wachache kwa sababu hawapimwi! Kipimo cha CrAg ni kakijiti, tone la damu ya kidole, dakika 10, na kinamuona fangasi kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, REMSTART, uliochapishwa 2015, wagonjwa karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200, nusu yao wakapimwa CrAg na wakatembelewa nyumbani wiki nne za mwanzo na watu wa kawaida tu waliofundishwa, vifo vikapungua kwa asilimia 28. Hao waliowatembelea hawakuwa madaktari, na hapa Tanga tuna watoa huduma wa jamii wanaojua kila uchochoro wa Ngamiani. Tena kwenye hatua hii ya mapema, kama amechunguzwa maji ya mgongo na kuonekana fangasi hajapanda kichwani, hapo flukonazoli peke yake inafaa, hapo ndo mahali pake.

Nimetaja maji ya mgongo, niseme na hili kwa ufupi japo ningeweza kulia nalo ukurasa mzima. Watu wetu wanaamini sindano ya mgongo inaua, manake waliowaona wakichomwa walikuwa wameshachelewa. Presha ya huko ndani ikizidi sentimita 25 za maji inapofua macho na inaua yenyewe, dawa iwe imeingia isiwe imeingia, na tiba yake ni kuyatoa yale maji, hata kila siku. Kuna kituo nimeambiwa hakina sindano ndefu zenyewe. Hiyo si ya kusubiri mfadhili jamani.

Na kitu kingine cha kwetu wa pwani, AmBisome haitakiwi kuzidi nyuzi 25. Hapa Tanga mwezi wa pili stoo isiyo na kiyoyozi ni tanuri, na umeme tunaujua. Ikiletwa ikawekwa chini ya bati pamoja na makatoni ya pampasi mtakuwa mmetuma maji. Nyingine, wenye TB ni wengi kwenye kundi hili, na rifampisini, dawa yao ya TB, inamaliza flukonazoli mwilini haraka, kiwango kinapungua kwa kama robo, sasa ukijumlisha na dozi ya kubahatisha utaona mgonjwa anabaki na nini kichwani. Tabibu anayeandika dawa naomba awe na karatasi ukutani inayosema hivyo.

Ninachoomba basi. MSD, flusitosini na amfoterisini ya liposomu zikae hospitali ya rufaa ya mkoa na angalau hospitali za Korogwe, Handeni na Lushoto, akiba ndogo tu ya wagonjwa wawili watatu kila moja, na ikikaribia kuexpaya ihamishwe kwenda kunakotumika, gari la mkoa linapita huko kila wiki. Mgonjwa wa Kilindi asilazimike kusafirishwa na presha kichwani siku nzima kwa dawa inayochomwa mara moja. Wizara, CrAg iwe inatolewa kila CTC, yaani kliniki ya VVU, kwa kila anayeanza dozi ya ARV na CD4 ziko chini, na kwa yule aliyeacha dozi akarudi, huyo anasahaulika kuliko wote. TAMISEMI, mashine za kupima potasiamu na kriatinini, kile kipimo cha figo, zitengenezwe, na sindano za mgongo ziwe kwenye oda ya kawaida kama glavu. Na Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa heshima zote, naomba kila mwezi mtubandikie ubaoni dawa hizi zipo wapi na zimeisha wapi, ili mie ndugu akija na karatasi ya flukonazoli tupu niweze kumwambia usinunue hapa kwanza, nenda sehemu fulani leo hii ipo, na nauli ya bajaji nimpe mwenyewe.

Wenu,
Mfamasia wa mtaani,
Makorora, Tanga

Nakala: wabunge wa mkoa wa Tanga, madiwani, na vikundi vya watu wanaoishi na VVU mkoani